Mjomba, hawakuwa wakimlilia Mzungu

Jumapili tulikuwa kwenye kikao cha harusi, tunamsubiri mweka hazina na daftari lake, mazungumzo yakahama kutoka michango hadi Marekani. Mjomba wangu, mtu ninayemheshimu sana, akasema Wamarekani Weusi walikosea kupigania shule za kuchanganyika. Wangejenga zao, akasema. Kulikuwa na haja gani ya kulilia dawati moja na Mzungu? Wazee wenzake wakaitikia. Mimi nikanyamaza, maana mjomba habishiwi mbele za watu. Siku ya tatu leo maneno yale bado yananichoma, kwa hiyo nayajibu hapa.

Kwanza, walijenga. Kati ya mwaka 1912 na 1932 zilisimama karibu shule 5,000 za watoto Weusi kusini mwa Marekani kwa msaada wa mfuko wa tajiri Julius Rosenwald, na wazazi Weusi wenyewe walitoa ardhi, mbao, nguvu na senti zao, juu ya kodi waliyokwisha kulipa. Walilipa mara mbili kwa shule moja.

Sasa twende Farmville, Virginia, mwaka 1951. Sekondari ya Moton ilijengwa kwa wanafunzi 180. Walikuwa wamefika zaidi ya 450. Wazazi walipoomba shule kubwa zaidi, kaunti ya Prince Edward iliwaongezea mabanda ya mbao yaliyofunikwa karatasi ya lami. Mvua ikinyesha, yanavuja. Baridi ikiingia, anayekaa karibu na jiko anaungua, anayekaa mbali anasoma amevaa koti. Maabara hakuna, bwalo la chakula hakuna. Sekondari ya Wazungu, mji huohuo, ilikuwa navyo.

Habari hizi siwezi kuzisoma kama za watu wa mbali. Mimi hadubini nimeisoma kwa mchoro wa chaki. Mwalimu alichora lenzi, akachora kioo, akachora meza yake ndogo, nasi tukakariri majina ya sehemu zote na mtihani tukafaulu. Hadubini yenyewe niliigusa nikiwa na miaka 21, chuoni, na mikono ilinitetemeka. Lakini sikuwahi kumlaumu mwalimu wangu, kwa sababu hakuwa nayo, na wilaya nzima haikuwa nayo. Huo ni umaskini, nao una uchungu wake. Watoto wa Farmville walinyimwa kitu kilichokuwapo, upande wa pili wa mji wao, kilichonunuliwa kwa kodi za wazazi wao pia. Mtu akishindwa kuona tofauti hiyo, hawezi kuelewa kwa nini watu wale walihatarisha maisha yao.

Tarehe 23 Aprili 1951 mwanafunzi wa miaka 16, Barbara Johns, pamoja na wenzake, walipanga mwalimu mkuu aitwe mjini kwa simu ya uongo. Wakakusanya shule nzima ukumbini, wakawaomba walimu watoke, pazia likafunguliwa, na wanafunzi wakaamua kugoma. Mgomo ulidumu wiki mbili. Na walichodai, Mjomba, ni jengo. Jengo jipya basi! Mzungu hakutajwa kama jirani wa dawati.

Ni mawakili, Oliver Hill na Spottswood Robinson, waliowaambia kwamba kesi ya jengo hawataichukua. Wataichukua kesi ya kuuvunja utengano wenyewe, yaani sheria ya kuwatenga watoto Weusi na Wazungu shuleni. Hapo ndipo maana yote ilipo. Jengo ungepewa leo na mkono uleule uliokupa banda jana, na mwaka kesho mkono huo ungeamua tena peke yake. Lakini mtoto wa mjumbe wa bodi ya shule akikaa chini ya paa lako, paa hilo litazibwa.

Kesi yao iliunganishwa na nyingine, na tarehe 17 Mei 1954 majaji wote tisa wa Mahakama Kuu ya Marekani walikubaliana kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba. Hukumu inaitwa kwa jina la Brown, mzazi wa mji wa Topeka, Kansas, lakini wengi wa walalamikaji walitoka Farmville.

Na kaunti ilijibuje? Mwaka 1959 ilipoamriwa kuchanganya, ilikataa kutoza kodi ya shule, na shule zote za umma zikafungwa kwa miaka mitano. Miaka mitano, Mjomba! Watoto wa Kizungu walifunguliwa shule ya binafsi, na fedha za umma zikasaidia karo. Watoto Weusi wengine walipelekwa kwa ndugu mbali, wengine walifundishwa kidogo kanisani, wengine walikwenda kufanya kazi na darasani hawakurudi tena. Mpaka 1964 ndipo Mahakama Kuu ilipolazimisha zifunguliwe.

Nakubali jambo moja, kwa shingo upande. Shule zilipounganishwa, maelfu ya walimu Weusi walifukuzwa kazi au kushushwa vyeo, na watoto wakapoteza watu waliowajua hadi majina ya bibi zao. Mimi ni mwalimu, hilo linaniuma. Lakini waliowafukuza ni bodi zilezile zilizojenga mabanda. Na mwaka 1974, katika kesi ya Detroit, mahakama hiyohiyo ilisema vitongoji vya Wazungu haviwezi kulazimishwa kuunganisha shule zao na za mji, ndipo mpaka wa wilaya ukafanya kazi ya ukuta wa zamani.

Hata sisi Tanganyika tulirithi shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, na uhuru ulipokuja tukaziunganisha. Sijamsikia mzee yeyote kikaoni akisema tulikuwa tunamlilia mtu.

Mwaka 2004 Virginia ilianzisha mfuko wa kuwasomesha wale waliofungiwa shule. Waliokuwa na miaka sita siku ya kufuli walikuwa wamepita hamsini. Wapo waliorudi kusoma.

Kikao kijacho ni Jumamosi. Picha ya mabanda ya Moton ninayo kwenye simu, Mjomba. Nitawahi kufika, tuitazame wawili kabla wengine hawajaingia.