Baba, shika kadi ya kliniki

Kazi ikiisha au biashara ikilala, wapo akina baba wanaoanza kuikwepa nyumba yao wenyewe. Wanatoka alfajiri, wanarudi watoto wamelala. Tumewazoesha wanaume kuamini kwamba ubaba ni kuacha hela ya matumizi, kwa hiyo hela ikikosekana wanajiona hawana nafasi. Nafasi ipo, na mojawapo imo kwenye kadi ya kliniki ya mtoto.

Usiseme "nitamsaidia mama watoto". Ichukue kazi hiyo iwe yako. Kwa ratiba ya Tanzania, mtoto hupata BCG (chanjo ya kifua kikuu) na matone ya polio akizaliwa, kisha chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na surua-rubella akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Katikati kuna kupima uzito kila mwezi. Kabla ya miezi 6 ananyonya tu, kwa hiyo nendeni wote wawili. Mtoto na kadi beba wewe.

Kwenye mizani, mvue nguo zote pamoja na nepi. Nepi iliyolowa na sweta zinatosha kuficha kwamba hajaongezeka. Subiri mshale utulie, usome ukiwa usawa wa macho yako, kisha uangalie nesi anapoweka alama kwenye mchoro wa ukuaji. Akina baba wengi hapo huuliza kwa nini mtoto wa jirani ni mnene kuliko mtoto wao. Watoto wawili wa mwaka mmoja wanaweza kupishana kilo 2 na wote wakawa wazima. Cha kutazama ni mstari wa mtoto wako: unapanda, umelala, au unashuka?

Halafu linakuja swali: "Anakula mara ngapi kwa siku?" Baba aliyezoea kuwa na jibu la kila jambo anabaki kimya. Sema hujui. Nesi ameshawasikia wengi, na jibu la kubahatisha litampa picha isiyo sahihi. Ukirudi nyumbani, kaa na mtoto anapolishwa, umwombe mama yake akuelekeze, na ukubali kusahihishwa. Kwa heshima yote, unyenyekevu wa baba naupima hapo kuliko katika maneno ya kwenye vikao.

Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anahitaji kulishwa mara 2 hadi 3 kwa siku, na kuanzia miezi 9 mara 3 hadi 4 pamoja na vitafunwa kidogo, huku akiendelea kunyonya. Tatizo la kawaida ni uji mwepesi. Tumbo lake dogo linajaa maji, mama anasema "anakula vizuri", na mstari bado umelala. Uji uwe mzito kiasi cha kubaki kwenye kijiko ukikiinamisha. Ongeza kijiko cha mafuta au karanga zilizosagwa laini, na umpe yai au dagaa waliosagwa.

Baada ya sindano, homa kidogo na uvimbe pajani ni kawaida, usipakande. Kidonda cha BCG begani usikipake dawa wala kukifunga, kitakauka chenyewe na kuacha kovu. Akidegedeka, akikataa kunyonya au homa ikipita siku 2, mrudishe kituoni.

Waajiri nao wana sehemu yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimwekea baba likizo ya siku zisizopungua 3, zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe, wakati Kenya inampa wiki 2. Siku 3 zinaisha kitovu hakijadondoka, na hazifiki kliniki ya wiki ya 6. Kwa hiyo ukitoka kituoni ingiza tarehe ya kurudi kwenye simu yako, na umwombe bosi mapema ruhusa ya asubuhi hiyo, kadi ikiwa mkononi.