Nyumba Milioni 40, Mnazi Mbali

Juzi mdogo wangu kanipigia simu kutoka Fuoni, huku kwetu Zanzibar, anacheka kicheko cha mtu aliyekwisha lia. Nyumba kaambiwa milioni 40. Arubuni keshatoa milioni 5, mbele ya mashahidi. Ndipo yakaanza kutoka mengine, kama kumbikumbi baada ya mvua.

Madalali kwanza. Watatu, na kila mmoja anaapa ndiye aliyeionesha. Yule wa tatu kazi yake yote ilikuwa kumpigia simu yule wa pili! Kisha nauli ya mpimaji, ya soda, ya karatasi, ya kumfuata mrithi aliyeko Muskat atie saini. Bili ya maji ya zamani nayo ikaibuka.

Haya, ushuru wa stempu ni sheria. Na tokea Mapinduzi ardhi ni ya Serikali, unachonunua ni haki ya kuitumia, kwa hivyo Bodi ya Uhaulishaji, ile inayoidhinisha ardhi kuhama mkono, lazima ipitie. Hizo zina risiti, mtu unalipa huku umenuna.

Ninachokasirikia ni huu mpango wa kuficha mpaka mtu atoe arubuni. Hapo keshafungwa: akirudi nyuma arubuni inaliwa, akienda mbele analiwa yeye. Na muuzaji alijua. Madalali walijua, wote watatu. Kwa nini siku ya kwanza, pale barazani, asitokee hata mmoja akasema "bwana, hii milioni 40 itakufikisha 45, jipime"? Mtu ananunua nyumba mara moja katika umri wake, tena kwa kudunduliza, nyinyi mnamfanya mgeni wa hoteli!

Siku ya kukabidhiwa funguo wakamkuta bi mkubwa mmoja kakaa uani chini ya mnazi, kanga begani. Shangazi wa muuzaji. "Nyumba imeuzwa, wanangu. Mnazi wangu haujauzwa."

Utamjibu nini? Kwetu ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, na mikarafuu tumerithishana hivyo hivyo. Akapewa laki 3. Akazihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la kanga, kisha akaomba aangushiwe madafu mawili ya kwenda nayo.

"Kaka," mdogo wangu kaniuliza, "na huu mwembe wa mbele je?"

Nikamwambia anyamaze, asiutaje mbele ya dalali.