Harusi iko Karonga, kipindupindu nacho kiko Karonga

Kwa mtu wa Kyela, harusi ya "nje ya nchi" inaweza kuwa karibu kuliko ya Iringa. Wanyakyusa na Wangonde wa Karonga, Malawi, wanasikilizana lugha na wameoana tangu enzi. Kati yao kuna mto Songwe na mhuri wa mpakani Kasumulu. Wanyamwanga nao wapo Tunduma na wapo Nakonde, upande wa Zambia. Ndiyo maana mlipuko wa ugonjwa ukizuka ng'ambo, mara nyingi kadi imeshafika, mchango umeshatoka na vitenge vya sare viko kwa fundi. Je, muende au msiende?

Haya yameshatukuta mara mbili, tena kwa kufuatana. Kipindupindu kilianza Malawi Machi 2022, kikaenea wilaya zote, na hadi kilipotulia mwaka uliofuata watu zaidi ya 1,700 walikuwa wamekufa. Oktoba 2023 ikawa zamu ya Zambia: zaidi ya 700 walikufa, shule zikachelewa kufunguliwa Januari 2024, na uwanja wa Heroes jijini Lusaka ukageuzwa kituo cha matibabu. Kote kuwili walifariki takriban watatu katika kila wagonjwa 100, wakati mgonjwa anayewahishiwa ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na dripu hupona karibu kila mara. Kwa huduma nzuri vifo hubaki chini ya mmoja katika 100. Pengo hilo linatokana zaidi na kuchelewa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza wagonjwa wamefika wangapi, uliza kituo cha tiba kiko umbali gani na nyumba ya harusi, na usiku wa manane mtafikaje.

Wanaosema msiende wana hoja nzito. Kipindupindu kikali kinaweza kumtoa mtu mzima lita moja ya maji kwa saa, na akafa siku hiyohiyo. Wengi walioambukizwa hawana dalili yoyote, hivyo kumwona mpishi mzima wa afya hakukuhakikishii kitu. Halafu kuna mpaka wenyewe: Mei 2020, wakati wa korona, Zambia iliufunga Nakonde ghafla kwa siku kadhaa. Mwenye ruhusa ya siku tatu kazini, au aliyemwachia jirani ng'ombe wa maziwa, alitie hilo kwenye hesabu.

Wanaosema twendeni nao si wabishi tu. Ugonjwa huu hauji kwa pumzi. Huingia mdomoni kwa maji au chakula kilichoguswa na kinyesi cha mwenye vijidudu. Kukaa ukumbini na watu 300 hakumwambukizi mtu, wala kupeana mikono, ikiwa mkono utanawishwa kwa sabuni kabla ya kurudi kwenye sahani. Na yapo yasiyofanyika kwa simu. Wazee wa upande wa binti wasipotokea, mazungumzo yanakwama na kinyongo kinakaa miaka. Kwa maoni yangu, tangazo la mlipuko peke yake halitoshi kufuta safari ya Karonga. Jiko ndilo linaloweza kuifuta.

Pigeni simu, muongee na mwenye kusimamia jiko, si mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti atasema kila kitu kiko sawa. Swali la kwanza ni maji: yanatoka wapi, na nani anayatibu? Kuyachemsha, yakitokota kwelikweli, dakika moja inatosha; walio juu ya mita 2,000, kama Kitulo, wahesabu tatu. Vidonge vya klorini navyo ni sawa, ila vinatofautiana nguvu, soma pakiti ni vya lita ngapi, chuja kwanza maji yenye tope, kisha subiri dakika 30. Kosa la kawaida ni kutibu maji ya kunywa na kuyasahau ya kuoshea sahani na ya barafu.

La pili ni kunawa. Beseni moja linalozungushwa meza hadi meza ni supu ya mikono ya watu wote. Inatakiwa ndoo yenye koki, sabuni, na mtu wa kumwaga maji. Wageni 300 wakinawa mara mbili, nusu lita kila mara, ni lita 300, yaani madumu 15 ya lita 20. Wakikwambia wana madumu manne, umeshapata jibu.

La tatu ni wali. Ukipikwa saa nne asubuhi, ukafunikwa, ukaliwa saa mbili usiku ukiwa vuguvugu, umekaa saa kumi katika joto ambalo vijidudu vinalipenda. Mkono mmoja mchafu wa mpakuaji unatosha kuuharibu. Ubaki juu ya makaa hadi unapakuliwa, unatoa mvuke. Kachumbari iacheni. Togwa ina utata wake: iliyochacha vizuri ina uchachu unaovidhoofisha vijidudu vya kipindupindu, lakini ikizidiwa na wageni huongezwa maji mabichi, na hapo kinga yote imeondoka. Soda iliyofungwa, uifungue mwenyewe, inamaliza ubishi.

Lusaka ni habari nyingine. Kutoka Nakonde ni kama kilomita 1,000, na kwenye safari hiyo unakula na kujisaidia njiani, mahali ambapo huna mtu wa kumpigia simu. Karonga unaweza kula nyumbani asubuhi, ukavuka, ukahudhuria, ukarudi umeonja chakula kimoja tu. (Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja, ibada ya saa nane kwao ni saa tisa kwetu.)

Nani aende? Wachache, wale ambao kutokuwepo kwao kungeharibu shughuli. Watoto wa chini ya miaka mitano wabaki, na wajawazito pia, maana kipindupindu kikali huweza kuua mimba. Anayetumia omeprazole kwa vidonda vya tumbo amepunguza asidi ambayo ndiyo ulinzi wa kwanza wa mwili. Wenye damu ya kundi O huelekea kuugua vikali zaidi. Chanjo msiijengee mpango: dozi zimekuwa haba duniani kiasi kwamba tangu Oktoba 2022 kampeni za dharura hutoa moja badala ya mbili. Na kumeza doksi (antibiotiki ya doxycycline) za duka la dawa "kwa kujikinga" ni kujidanganya. Beba pakiti za ORS. Zikiisha: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, huku mgonjwa akipelekwa kituoni.

Hesabu hii ni ya kipindupindu tu. Mpox (homa ya nyani) hupita ngozi kwa ngozi na kwa matandiko, na nyumba ya harusi hulaza watu watano godoro moja. Hapo chumba cha kulala ndicho cha kuulizia. Marburg, homa kali ya virusi iliyozuka Kagera 2023 na tena Januari 2025, haina chanjo iliyoidhinishwa. Kwa hiyo sina pande mbili za kupima: msiende.

Wengi husahau kurudi. Dalili za kipindupindu huweza kuchelewa hadi siku tano, na asiye na dalili huweza kutoa vijidudu kwa siku kadhaa. Harusi za ng'ambo huwa na "mapokezi" nyumbani Jumamosi inayofuata, na akina mama waliotoka Karonga Jumapili ndio haohao wanaowekwa jikoni. Mapokezi yasogezeni mbele kwa wiki moja, au mpishi atoke kwa waliobaki.