Mkuyu wa Zakayo Uko Muheza

Desemba iliyopita nilikwenda Muheza na binti yangu, ndiyo kwanza amemaliza darasa la tatu kwenye shule moja ya kanisa hapa Dar es Salaam, zile za mchepuo wa Kiingereza. Bibi yake alikuwa ametupikia wali wa nazi na kuku wa kienyeji. Tulipokwisha kunawa akamwambia, "Haya mke mwenzangu, tuombee chakula." Mtoto akafumba macho, akasali kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu. Bibi akaitikia amina, kisha akanigeukia: "Amesema nini?"

Basi nikamtafsiria mama yangu sala ya mjukuu wake, wali unapoa. Mungu hahitaji mkalimani, lakini mama alimhitaji.

Sina ugomvi na Kiingereza. Ada nalipa mwenyewe, hakuna aliyenikaba. Na pale shuleni wanafundisha kweli. Darasa la tatu ndipo mtoto anapotoka kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu na kuanza kukutana na masomo yenye majina yake: Sayansi, Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili. Mtaala mpya ulipoanza kutumika Januari 2024, darasa hili lilikuwa miongoni mwa yaliyotangulia kuupokea. Mwaka unaofuata kuna upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, kwa hiyo walimu wanakimbia mchakamchaka wakati wote. Juu ya hayo shule ya kanisa inaongeza ya kwake: sala ya asubuhi, kipindi cha Biblia, na kila wiki mstari wa kukariri unaoandikwa kwenye diari ili mzazi asaini. Binti yangu anavitaja vitabu vyote 66 kwa mpangilio bila kuvuta pumzi. Habakuki anamfungua mimi bado napekua Zaburi.

Ila karibu yote hayo ni kwa Kiingereza, na anayeteleza akaongea Kiswahili uwanjani anavalishwa kibao shingoni. Kibao hicho sikipendi popote. Kwenye shule iliyofundisha asubuhi ileile kumpenda jirani, ndiyo sikielewi kabisa.

Siku ya pili tulishuka mtoni. Njiani akanisimulia Zakayo, yule mtoza ushuru mfupi wa Yeriko anayepatikana Luka 19. Alisimulia vizuri, hata hesabu aliipiga: kama alimdhulumu mtu shilingi elfu tano akamrudishia mara nne, hiyo ni elfu ishirini. (Somo hilo ningependa lifike na kwa wakubwa fulani, lakini tuyaache.) Alipofika kwenye mti akasema Zakayo alipanda "sycamore". Nikamuuliza ni mti gani huo. Hajui. Mti wa Biblia, akasema, uko huko kwao.

Alikuwa amesimama chini yake. Biblia ya Kiswahili inasema mkuyu, na mkuyu ndio huohuo, Ficus sycomorus, unaoota huko Palestina na unaoota kwenye kingo za mito yetu, matunda yake yameng'ang'ania matawi kama chawa. Matawi yenyewe huanzia chini, ndiyo maana hata mtu mfupi anaukwea. Mwingereza akisema "sycamore" kwao anamaanisha mti mwingine kabisa, usio hata ndugu wa mkuyu. Kwa hiyo mtoto anayekwenda kwa bibi yake Muheza ana nafasi ya kumwelewa Zakayo kuliko mtoto wa London, na mimi nalipa ada ili nafasi hiyo impite.

Kinachonikera zaidi ni kwamba wamisionari wenyewe hawakufanya hivi. Magila, hapo karibu na Muheza, ni misheni ya zamani ya UMCA, Waanglikana waliokuwa na makao Zanzibar. Mmoja wao, Edward Steere, alifika Unguja mwaka 1864, akakaa chini na kujifunza Kiswahili kwa wenyewe, na mwaka 1879 Agano Jipya lote likawa limechapwa kwa lugha hiyo. Biblia nzima ilifuata mwaka 1891, yeye ameshafariki. Wamisionari walikuwa na makosa yao, mengine makubwa, lakini lugha hawakuikimbia. Walijua sala isiyoeleweka jikoni haifiki mbali. Mama yangu, ambaye Kibondei ndicho alichonyonya na Kiswahili akakipata misheni, anasali katika vyote viwili bila kujiuliza.

Ninachoomba ni kidogo. Hisabati na Sayansi wafundishe kwa Kiingereza, ndivyo tulivyokubaliana. Kipindi cha Biblia cha darasa la tatu kiwe kwa Kiswahili. Mtoto wa miaka minane au tisa bado anauliza maswali kwa moyo wake wote, na maswali hayo anayauliza kwa lugha anayootea ndoto. Akilazimishwa kuyauliza kwa Kiingereza anaona tabu, anakariri tu mstari, anapata alama zake, yamekwisha. Kuna mzazi mwenzangu aliniambia watoto wakichanganya lugha watafeli. Watoto wa Muheza wana lugha mbili kabla ya kuota meno ya ukubwani na hawajachanganyikiwa.

Januari niliandika ombi hilo kwenye diari. Lilirudi na jibu la wino mwekundu, kwa Kiingereza, kwamba limepokelewa.

Wakati tunasubiri, Jumapili jioni tunampigia mama simu, tunaweka spika, anaongoza Baba Yetu na mtoto anafuatisha kipande kwa kipande. Wiki iliyopita alimkatiza. "Bibi, litukuzwe ni nini?" Kimya kikapita hadi nikadhani salio limekwisha. Kisha mama akasema, "Mke mwenzangu, nimelisema hilo neno miaka sabini. Ngoja nilifikirie."