Katibu aliyefumuliwa kikaoni

Kwanza mjue kitu kimoja, presha ya mama yangu haipimiki. Nesi alishatuelekeza vizuri tu, akae dakika 5 ametulia, mgongo umeegemea, miguu iguse chini asikunje nne, mkono uwe usawa wa moyo, na asiongee. Hapo kwenye asiongee ndo kuna kazi. Mama anakaa vizuri, mgongo sawa, miguu sawa, mi nabonyeza kitufe ule mpira unaanza kujaa upepo, na yeye ndo anakumbuka kuuliza, "Hivi yule mtoto wa jirani alishapata kazi?" Namwambia mama usiongee. "Siongei, nauliza." Jumamosi hiyo ikaja 151 kwa 88, nikaandika kwenye daftari.

Hilo daftari ndo chanzo cha yote. Ninalo moja la kila kitu, mbele kuna dawa na presha za mama, katikati mihtasari ya vikao vya majirani maana mi ndo katibu (nilichaguliwa siku ambayo sikuhudhuria), afu nyuma kuna maelekezo yangu ya kroshia. Ndiyo, nafuma, na ni mwanaume mzima nina ndevu. Mama ndo alinifundisha, kipindi kile amevunjika nyonga namuuguza, usiku hakuna anayelala, akanikabidhi kroshia, ile sindano ya kufumia yenye ndoano, na uzi akasema shika hii mwanangu kuliko kukodolea simu. Sijawahi kuficha ila sijawahi kutangaza pia.

Sasa siku hiyo nilikuwa na dawa za mama, mazoezi yake ya miguu, kikao saa 4, na jioni nilitakiwa nimpelekee dada yangu shali niliyomfumia wiki 5 nzima, imebaki mistari miwili tu. Mi nikajiona mjanja sana. Mama nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu tukaenda naye kikaoni, nikakaa mezani na yeye pembeni yangu, shali iko kwenye mfuko chini ya kiti changu, bonge la uzi nimempakatisha yeye lisigaregare sakafuni, nafuma chini ya meza huku juu natikisa kichwa kama mtu anayefuatilia ajenda. Mstari wa kwanza ukaisha. Nikasema moyoni, watu wanaolalamika hawana muda hawajui tu kujipanga.

"Katibu atusomee muhtasari wa kikao kilichopita."

Nikasimama. Kroshia nikaichomoa haraka haraka nikaichomeka sikioni kama fundi seremala na penseli yake, nikafungua daftari nikaanza kwa ile sauti yangu ya kikatibu, mwenyekiti alifungua kikao saa 4 na dakika 20 akawashukuru wajumbe kwa kuhudhuria, nikageuza ukurasa, kumbe zimegeuka kurasa kumi kwa pamoja, na mdomo ukatangulia akili, "Anza na mnyororo wa 6, unganisha uwe duara, kisha ruka vitundu viwili, rudia mpaka mwisho wa mstari."

Kimya. Mzee mmoja mbele alikuwa anaandika.

Afu mjumbe akanyoosha mkono. "Mheshimiwa mwenyekiti, hilo la mnyororo tulilipitisha lini? Mi nakumbuka kwenye geti tulikubaliana kufuli."

Jamani. Wakagawanyika palepale, wa mnyororo huku wa kufuli kule, mwingine anataka kujua vitundu viwili vinatobolewa wapi na nani analipia. Mi nimesimama na kroshia sikioni nashindwa hata kuwakatiza, na kusema kweli kulikuwa na mama mmoja ametoa hoja nzuri sana ya mnyororo.

Wakati huohuo jua la dirishani lilikuwa linampiga mama usoni, na kijana mmoja mwenye adabu zake akaamua kumsaidia. Akaachia breki akamsukuma taratibu mpaka ukuta wa pili. Kwa asiyejua, kroshia ina kitanzi kimoja tu cha mwisho ambacho ndo kimeshikilia kazi yote, ukichomoa sindano bila kukizuia hata kwa pini, mtu akivuta uzi inafumuka kitundu kwa kitundu kama haijawahi kuwepo. Na mi nilikuwa nimechomoa.

Nilichokiona ni uzi wa bluu umekatiza ukumbi usawa wa magoti, unapita mbele ya meza kuu. Nikainama kuchungulia mfukoni, shali inatikisika yenyewe, tik tik tik, mstari unaisha inarukia mwingine. Nikafuata ule uzi kwa macho mpaka upande wa pili, na mwisho wake yuko mama yangu, amekaa ametulia tuli, anavuta na kuzungushia kwenye bonge, anavuta na kuzungushia, kwa spidi ambayo sijamwona nayo tangu avunjike.

"Mama, unafanya nini!"

"Si nilikwambia mstari wa 12 umeruka kitundu? Nimekuona umechomoa, nikajua umekubali kufumua."

Nikaruka kwenda kumzuia nikausahau uzi uko magotini, nikaenda chini na daftari langu. Uzi nao ukajiviringisha kwenye gurudumu dogo la mbele, kiti kikagoma mbele kikagoma nyuma, wajumbe wanne wamepiga magoti wanachambua nyuzi na mwenyekiti anauliza kwa upole kama tunaweza kuendelea na yatokanayo. Yule mzee wa mbele akanisogelea akaninong'oneza, "Kijana, baada ya duara umesema ruka vingapi? Sikupata vizuri."

Dada yangu jioni nilimpelekea bonge. Kubwa zuri limekazwa vizuri, nikamwambia ndani yake kuna shali.

Usiku nikampima mama. Dakika 5 zote hajasema neno, ametulia anatabasamu peke yake kama aliyeshinda uchaguzi, mpira ukajaa ukashuka, 122 kwa 76. Nikadhani mashine imeharibika, nikajivalisha mwenyewe kuihakikisha.

158 kwa 97.

"Uliongea," mama akasema.