Asilimia 99 ya kichujio: hewa ya karakana irudishwe ndani au itupwe nje?

Anayetaka hewa iliyofyonzwa kwenye mashine itupwe nje huonekana mtu wa kufuja nishati. Lawama hiyo ina msingi. Mfumo unaotoa mita za ujazo 10,000 kwa saa, nje kukiwa na baridi ya nyuzi 20 kuliko ndani, humwaga karibu kilowati 67 za joto muda wote feni inapozunguka. Tena hewa inayotoka isipofidiwa, midomo ya kufyonza hulegea na moshi wa hita za gesi huweza kushuka dohani hadi ndani. Kuchuja na kurudisha hutibu yote mawili kwa mkupuo.

Ugomvi wangu ni na ile asilimia 99 ya vumbi ambayo kichujio hudaiwa kunasa, namba inayowatuliza watu mapema mno. Tuseme hewa ndani ya bomba la kufyonza karakana ya mbao ina miligramu 200 za vumbi kwa mita ya ujazo. Kichujio cha asilimia 99 kitaachia miligramu 2. Kikomo cha Umoja wa Ulaya kwa vumbi la mbao ngumu, tangu 2023, ni miligramu 2 hizo hizo! Hewa inayorudi imeshamaliza kiwango chote kabla ya kuhesabu vumbi linaloponyoka kwenye msumeno wenyewe. Ukilenga isizidi sehemu moja ya kumi ya kikomo, unahitaji asilimia 99.9, na mshono mmoja wa mfuko ukifumuka, au mpira wa kuziba ukikaa upande, hesabu hiyo imeharibika. Na hili ni vumbi ambalo IARC, wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, imeliweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani.

Moshi wa kuchomelea umo kundi hilo pia, nao huja na gesi. Kichujio cha vumbi hakizuii ozoni wala kaboni monoksidi. Mkaa maalumu wa kunyonya gesi husaidia kwa baadhi, ila kaboni monoksidi huupita. Kichujio cha vumbi kikiziba, geji ya presha hupanda, kikitoboka, hushuka. Mkaa ukishiba, geji haitikisiki.

Kutupa hewa si lazima kutupe joto. Kibadilisha joto kilichowekwa baada ya kichujio huweza kuokoa nusu yake au zaidi, bila hewa chafu kuchanganyika na safi. Ni ghali na sahani zake huziba, na zikiziba, joto na nguvu ya kufyonza hupungua, ila hewa chafu hairudishwi ndani.

Kwa vumbi lisilosababisha saratani wala kuambatana na gesi, kurudisha kunakubalika: kichujio cha HEPA, yaani kile kinachonasa chembe ndogo sana, kifuate kile cha kwanza, kila kimoja kiwe na geji, na vali igeuze hewa nje yenyewe kengele ikilia. Kihisi cha vumbi kinachoiliza kengele hiyo kikae ndani ya bomba la kurudishia. Kengele inayotegemea mota ya feni haitoshi, kwa sababu mfuko ukipasuka feni huendelea kuzunguka, tena hupitisha hewa nyingi zaidi.