Acheni Kinamasi Kinuke

Juzi nimesoma mpango wa ujenzi wa ufukweni. Kwenye ramani, kinamasi cha chumvi, yaani lile tope lenye majani linalofunikwa na bahari maji yakijaa, kimepakwa rangi ya kijivu na kuandikwa "ardhi isiyotumika". Isiyotumika! Bila shaka aliyeandika alipita hapo mara moja, maji yamekupwa, akaziba pua, akarudi garini.

Basi tuanze na hiyo harufu, maana ndiyo kesi nzima dhidi ya kinamasi. Mayai viza. Nakubali, kinanuka. Lakini tope lile limeshiba maji ya bahari hata hewa haipenyi. Ukichimba sentimita chache tu, oksijeni imekwisha. Bakteria wanaoishi humo hutumia salfeti, aina ya chumvi iliyomo kwenye maji ya bahari, mahali pa oksijeni, na unachonusa ndiyo pumzi yao. Kazi yao ni ya polepole mno. Majani yaliyokufa hufukiwa kabla hayajaoza yakaisha, maji yakijaa yanaleta tope jingine, mizizi mipya inaota juu ya ya zamani, na kaboni inalala humo mamia ya miaka, pengine maelfu. Tena bakteria hao huwapokonya chakula wenzao wanaotengeneza methani, gesi inayoipasha dunia joto, ndiyo maana kinamasi cha chumvi kwa kawaida hutoa methani kidogo kuliko cha maji baridi. Haya, kikaushe ujenge. Hewa itaingia, uozo utaamka, na kaboni iliyowekwa karne kwa karne itarudi angani. Harufu itaisha, hongera.

Mbu? Wapo, siwatetei. Ila kufikia mwishoni mwa miaka ya 1930, Wamarekani walikuwa wamechimba mitaro kwenye sehemu kubwa ya vinamasi vya pwani yao ya Atlantiki ili kuwamaliza, wakakausha na vidimbwi vya samaki wadogo waliokuwa wakila viluwiluwi vya mbu haohao.

Sijagusa hata samaki wachanga, kaa na kamba wanaojificha kwenye majani yale.

Na mawimbi je? Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika kwenye birika kubwa la mawimbi huko Ujerumani, watafiti wakiwa wamepanda kinamasi halisi ndani yake. Mawimbi yalipungua nguvu hata maji yalipofika kimo cha wakati wa dhoruba, na hadi asilimia 60 ya upungufu huo ilitokana na mimea yenyewe. Majani tu.

Nikafungua ukurasa unaofuata wa mpango ule. Baada ya kukifukia kinamasi, watajenga ukuta wa zege. Wa kuzuia mawimbi.